Mteja Halali

Nilipewa kishikwambi, kizibao chenye nembo ya tone,
na mitaa miwili ya Isevya niimalize kwa siku nne.
Maswali kumi na mawili. La saba ndilo lililotushikisha semina nzima:
"Kwa kiwango cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani
na huduma ya maji?"
Usimwongoze mteja, tukaambiwa. Usitabasamu kwenye tano.

Nyumba ya kwanza, mbwa. Ya pili, kufuli.
Ya tatu, fundi cherehani alidhani nimekuja kumkatia.
Akatoa risiti tangu za mwaka juzi, zimefungwa kwa uzi mweusi,
akazitandaza mezani kama karata.
Nauliza tu, nikamwambia.
"Huwa mnaanza hivyo hivyo."

Ya nne, kwa Nyanzobe, mkaanga maandazi.
Mwangaluka, nikasema. Akaitika bila kuinua macho,
mikono yote miwili ndani ya unga.
La kwanza mpaka la sita tulikwenda kama tunateremka mlima.
La saba akasema, "Andika tatu."
Kwa nini tatu?
"Nikisema moja utaniuliza sababu, na mafuta yanaungua.
Nikisema tano mtapandisha bei.
Tatu haina kesi."

Nikabonyeza tatu.

Kisha akasema, kama anaongea na donge lililo mkononi:
"Bomba langu hukohoa kabla ya kutapika.
Kikohozi hicho nakijua kuliko cha wanangu.
Saa nane za usiku, pengine saa tisa, pengine kimya wiki nzima,
nami nimelalia sikio moja,
ndoo zimepanga foleni mlangoni kama wagonjwa.
Sidai maji mengi. Nadai kujua lini nilale."

Nikatafuta pa kuliweka hilo.
Chini kabisa kulikuwa na kisanduku: Maoni mengine, herufi sitini.
Kikohozi hakikuenea. Ndoo hazikuenea.
Nikaandika: Mteja halali. Anaomba ajue siku na saa ya maji.
Zikabaki nafasi kumi na tatu. Sikujua la kuzifanyia.

Ofisini, Bwana Kapela akasoma kwa sauti:
"Mteja halali. Vizuri, huyu hajajiunganishia kwa wizi."
Hapana, mkuu. Halali. Hapati usingizi.
Akacheka, chumba kizima kikacheka,
halafu akaacha kucheka peke yake
akaanza kushuka na kidole: tunakesha, tunakesha,
yanakuja usiku, mke wangu anakesha,
na mmoja aliyeandika tu: usiku!!!
Wastani wa Isevya ulikuwa tatu nukta moja,
na tatu nukta moja haijawahi kumwamsha mtu kitini.

Masika yalipokwisha, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa fundi:
Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja jioni.
Maji hayakuongezeka hata kibaba.
Jumanne ya kwanza yalichelewa dakika arobaini
na mtaa mzima ukapiga simu kulalamika.
Dakika arobaini! Zamani hapakuwa hata na kitu cha kuchelewa.

Nikarudishwa kwa mzunguko wa pili, kizibao kile kile, kimepauka.
Nyanzobe alikuwa amenenepa kidogo usoni.
"Andika nne," akasema kabla sijafika la saba,
akaniwekea andazi juu ya kishikwambi, likaacha duara la mafuta
palepale penye neno Asante.
Akaniuliza kama wamenilipa ya mzunguko wa kwanza.
Nikasema ipo kwenye mchakato.
Akajifuta unga, akaninyang'anya kifaa,
akakishika mbali na macho kama anayesoma barua ya mkwe:
"Kwa kiwango cha moja hadi tano, mwanangu,
umeridhika kiasi gani?"

Mafuta yalikuwa yanachemka.
Andika tatu, nikamwambia.