Kura Moja Iliyoharibika

Darasa la tatu, Pongwe, saa mbili usiku.
Umeme umekatika, tunahesabu kwa taa ya betri.
Ubaoni bado ipo tebo ya saba, ya Ijumaa,
hakuna aliyeifuta.
Mawakala wanne wamekalia madawati ya watoto,
magoti yamewapanda kifuani.

Nafungua karatasi, naionyesha, naitaja.
Huyu. Huyu. Yule. Huyu.
Kisha nafungua moja, ulimi unakwama.

Hapana vema katika kisanduku chochote.
Kuna jina. Limeanza juu ya picha ya kwanza
likateremka hadi kidevuni mwa picha ya tatu:
Nyanzobe Bitaliho,
kwa mwandiko ninaoujua kama wangu,
maana ni wangu. Ile y yenye mkia mrefu
niliifundisha mimi, Jumanne na Alhamisi,
saa kumi alasiri, darasa hilihili.

Alikuja na kalamu aliyoinunua mwenyewe.
"Mwalimu, nimekata mkonge miaka thelathini na moja.
Ile mashine ya kuandikisha wapiga kura imekataa vidole vyangu.
Nimebonyeza, nimepangusa kwa khanga, nimebonyeza tena.
Yule kijana akasema, Bibi, huna alama.
Sina alama! Na mikono ninayo."

Utomvu ulikuwa umezila, mstari kwa mstari.
Baba yake alitoka Kasulu, kwa miguu na treni,
akapewa kipande cha bati chenye namba.
Hata siku ya kumzika mnyapara aliita namba.
"Sasa mimi nataka kuandika langu lote," akasema.
"Usinifupishie."

Miezi mitano. N na y zilimsumbua,
herufi mbili kutoa sauti moja.
Nikamwambia, ni watu wawili kwenye mzigo mmoja.
Akacheka. "Basi huyo y ndiye abebaye,
tazama mgongo wake."

Wagombea walikuja, waja leo waondoka leo,
wakaahidi maji, wakaahidi lami.
Akasimama mbele za watu, akauliza:
zahanati ya kambi mliifungia nini?
Wakafungulia muziki.

Leo asubuhi alikuwa wa nane kwenye foleni.
Alilisoma jina lake ukutani, kwa kidole,
akawasomea na wenzake yao.
Akaingia kituturini, akakaa.
Niliona visigino tu, vimetulia,
nikadhani anachagua kwa makini.

"Mwalimu," anasema wakala, "vipi hiyo?"
Kanuni naijua, niliisomea semina siku mbili:
karatasi yenye kumtambulisha mpiga kura haihesabiwi.
"Imeharibika," nasema.
Mwingine ananyoosha shingo alisome jina.
Naigeuza, naiweka kifudifudi.

Mia tatu na nane halali. Moja imeharibika.
Najaza fomu, naibandika mlangoni
kwa gundi ya unga wa muhogo.

Kesho atakuja. Atasimama hapa na miwani ya kuazima,
atasoma tarakimu, atajumlisha, maana na hilo nilimfundisha,
atafika kwenye ile moja
aniulize ni mjinga gani huyo.

Nilimfundisha kuandika jina.
Sikumwambia kwamba pana pahali pamoja
ambapo mtu husema kweli yake bila jina,
kwa alama tu,
alama ileile aliyoambiwa na mashine kuwa hana.

Mawakala wameondoka. Nafuta tebo ya saba.
Chaki imebaki kipande.
Nachora ubaoni kisanduku kimoja, kitupu,
naketi dawati la mbele, nakitazama.