Milimita Saba

Ofisini kwetu Rusayl tunapima alama kwa rula:
mtu mdogo mweusi, choo, na mstari unaokata katikati.
Isipungue milimita saba.
Isifichwe na kikunjo cha pakiti.
Ionekane kila mkono unapochomoa tishu.
Ndizo sheria, na mgonga muhuri ni mimi,
Zuweina, niliyesomea kemia
nikaishia kubishana na wino.

Neno lenyewe lilitusumbua wiki nzima.
"Huyeyuka," alisema mwenye bidhaa.
Nikaitia tishu yake ya majimaji kwenye jagi, nikakoroga,
nikaenda kusali adhuhuri, nikarudi.
Imelala chini, nzima,
kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye adabu.
Chumvi huyeyuka, nikamwambia. Sukari huyeyuka.
Hii imezama tu.
Akacheka: "Na nani anayetazama chini?"

Pakiti yake ilikuwa na wingu,
wingu zuri la buluu, katika nchi inayolisubiri wingu
kama mgeni asiyesema siku ya kuja.
Ukibandika alama pale, wingu linaharibika.
Tukasikizana. Nikaridhia mtu wangu ashuke
chini ya kifuniko cha kubandua,
milimita saba zilezile.
Ilikuwa Alhamisi, saa ya kutoka. Nikagonga.

Kwetu maji yalitutosha siku zote:
kopo Pemba, shatafa Maskati.
Tishu ziliingia nyumbani na maradhi ya mama,
maana mgongo wa mgonjwa
haupelekewi mpira wa maji usiku wa manane.
Selamawit humgeuza, humfuta, humsemesha kwa lugha ya kwao,
kisha hutupa panapotupwa vya kutia haya.
Hasomi Kiarabu. Kiingereza hasomi.
Picha angeielewa.

Ijumaa maji yakapanda.
Yakavuka kizingiti cha bafu, yakafika kwenye zulia,
na udi wote wa Mabela usingeweza kuyanyamazisha.
Dilmurad akaja na gari lake la kunyonya,
akafunua zege uani, karibu na mlimau,
akateremsha kulabu, akavuta.

Ikatoka kamba.
Ndefu kuliko kilemba cha bwana harusi,
imesokotwa na giza,
nyeupe bado penye mikunjo.
Hakusema kitu. Aliinyanyua tu kunielekea,
kama tarishi anayerudisha barua
kwa aliyeiandika.

Nikaenda kabatini. Wingu.
Nikabandua kifuniko:
mtu wangu alikuwepo, amekunjwa kiunoni,
anamkataza gundi.

Jumapili nitaomba faili lirudi mezani.
Watauliza kwa nini, nami sijui bado
kama nitalitaja zulia.

Usiku ule nikachukua kalamu nene,
nikachora mtu, choo, mstari,
mpana kama sahani ya wali,
nikambandika juu ya tangi la kuvutia maji.
Selamawit akatazama mara moja,
akaleta ndoo yenye mfuniko.

Mama, akisukumwa kwenye kiti chake,
akainua kidole: tusimame.
"Huyu nani?"
Alama tu, mama.
"Mbona mmemkata?"
Nikatafuta la kusema kwenye vigae vya ukuta.
"Na mbona kakonda hivi? Huko ofisini kwenu
hamumlishi?"