Nimebaki na la Mkia

Mama yangu hanyonyoi mtu. Ananyonyoa kuku,
sokoni Kadutu, nyuma ya mabanda ya samaki wakavu:
ndoo mbili, mbabula moja, kisu kilichokonda
kwa kunolewa kwenye ngazi za saruji.
Faranga mia tano kwa kuku.
Jogoo mzee, tunaongea.

Walianza kumwibia maneno mwaka ule wa mvua nyingi.
Vijana wa mizigo walijibanza chini ya turubai lake
wakasikiliza kazi.
"Maji yakipoa," alisema, "manyoya yanakaza."
Kesho yake Ciza anamcheka mwenzake
aliyekwenda kumkopa shemeji alfajiri, bila hata salamu:
umenyonyoa mkavu, wewe!
Ungemtia kwanza maji ya moto.

Maji ya moto: soda, habari za watoto,
kusifu kiatu.

Basi maneno yakapanda mlima, yakashuka upande wa pili.
Askari wa barieri anayegeuza kitambulisho chako
juu chini, chini juu, anapima maji.
Ukipita salama, lakini mfuko umebaki kwake,
umetoka ngozi tupu.
Binti aliyeanza kujibu wakubwa ameota ya bawa.
Na yule bwana wa Nguba, suti tatu, madeni saba,
manyoya mengi, nyama kiganja.

Siku moja mwanafunzi wa miwani akamwambia Mama,
"Tafadhali, mama, usininyonyoe."
Mama akamtazama. Akamtazama na jogoo aliyemshika miguu.
"Wewe? Wewe nitakuanzia wapi?"
Mabanda yakacheka
hadi muuza samaki akaangusha mizani.

Jioni akaniuliza mimi, mwenye diploma,
neno lake linafanya nini huko nje.
Nikamweleza, moja moja.
Akachambua maharage kimya, akatupa jiwe dirishani.
"Na hakuna anayenilipa," akasema.

Kaka yangu Murhula alikuwa Kamituga, kwenye dhahabu.
Miezi minane simu yake ni ukuta.
Kisha ujumbe, kwa namba ya mtu nisiyemjua,
bila jina, bila shikamoo:
Nimebaki na la mkia.

Nikausoma kwa sauti. Nikatafuta namna ya kumfafanulia,
kwamba vijana wanaita hivyo noti ya ndani ya soksi,
ile usiyoigusa, kwa sababu baada yake
kinachofuata kuuzwa ni wewe.
Niliponyanyua macho
Mama alikwisha fungua fundo la kitenge, anahesabu.
Nani angemfundisha unyoya wa mkia?
Ule unaogoma, unauvuta
na kuku mzima anakufuata mkononi.

Alishuka kwenye lori Jumanne, matope hadi kiunoni.
Vijana wa ngazi wakamwona anavyopanda.
Neno lilikuwa tayari, kila mtu analijua.
Ciza akafungua kinywa,
akakifunga, akampokea mfuko.
Haukuwa na uzito wowote. Akaubeba kwa mikono miwili.

Liko neno moja ambalo hawajaliiba.
Kuku akishakwisha kunyonyolewa
hubaki na vinyweleo vyeupe, huvioni mpaka umwinue kwenye mwanga.
Mama huviita malaika,
kama vile vya mkononi mwa mtoto.
Malaika hawang'olewi, husema. Wanapitishwa motoni,
haraka, usiunguze ngozi.

Akamkalisha Murhula karibu na mbabula.
Akamkunja shati hadi kiwikoni,
akaugeuza ule mkono huku na huku mbele ya makaa
kama anayekagua kuku wa watu.
Mifupa. Kovu jipya, refu, sikuuliza.
"Malaika wapo," akasema.

Akaniagiza maji.
Nami, mwenye diploma, nikauliza: ya moto?
"Ya kunywa," akasema Mama. "Ya kunywa, mjinga wewe."