Sikio la Kondoo

Kasisi wetu ana visiwa vitatu na boti moja,
kwa hiyo Jumapili nyingi hatumwoni.
Hapo ndipo ninapopanda mimi, Sunnva binti Danjal,
na miwani iliyofungwa kwa uzi,
kuwasomea watu kumi na tisa mahubiri ya mtu mwingine.
Huku Faroe ndivyo tulivyozoea:
neno haliahirishwi kwa sababu ya mawimbi.

Miaka kumi na mmoja nimewasomea habari za amani.
Sauti ninayo. Watu husema naisoma
mpaka inanukia kama mkate.
Nami nikirudi nyumbani navua viatu,
nalala chali, nahesabu mbao za dari:
arobaini na mbili. Kisha naanza upya.

Niliomba. Mungu ni shahidi, niliomba
mpaka magoti yakaacha alama kwenye zulia.
Bwana, nipe amani, nilisema,
kama mtu aliyeagiza unga kwa simu
akakaa kusubiri uletwe mlangoni.
Nilijaribu vidonge. Nilijaribu kufunga.
Nikalaumu upepo, ambao huku haukosi lawama,
nikamlaumu marehemu mume wangu kwa kukoroma,
miaka sita baada ya kumzika.

Lakini nilijua.

Mwezi wa kumi, siku ya ukungu,
tukiwashusha kondoo kutoka mlimani,
jike mmoja wa kijivu aliingia zizini kwangu.
Ncha ya sikio ilikuwa na pengo: alama ya Hedin.
Alama yangu ni ncha iliyokatwa yote.
Kisu kilikuwa mkononi tayari.
Nilikata upana wa ukucha tu,
pengo likatoweka, na jina la mwenyewe nalo.
Damu haikujaza kijiko cha chai.

Hedin alimtafuta siku nne kwenye magenge.
Ya tano akamchukua mbwa wake, Farri,
akisema ndiye aliyemkimbiza jike akatumbukia baharini.
Nilisikia bunduki nikimenya viazi.
Nikaendelea kumenya.

Jumapili iliyopita nilifika kwenye neno lile, amani,
nikainua macho kuvuta pumzi,
na Hedin alikuwa benchi la tatu, anapenga kamasi,
ananisikiliza kwa imani yote aliyo nayo.
Nikafunga kitabu. "Leo inatosha," nikasema.
Wakadhani ni kifua.

Sikungoja boti.
Nilijua kasisi angenipa nini:
kahawa, mkono begani, na neno la msamaha,
tena neno la kweli.
Ila mguu wa kuvuka ua wa Hedin
haumo mkobani mwake.
Na Mungu mwenyewe, nadhani, miaka yote ile
alikuwa amesimama kwenye lango la jirani,
analowa,
huku mimi namwita chumbani.

Yule jike alishakufa kwa uzee.
Nikapeleka wazao wake wanne, na bahasha ya pesa,
nikasema yote nikiwa nimesimama mvuani,
bila "lakini", bila "unajua tena".
Hedin hakusema amenisamehe.
Alishika masikio ya kondoo, moja moja,
kama mtu anayesoma barua ya zamani.
Kisha akauliza, "Na Farri?"

Sina jibu la Farri.
Nilibaki na swali lake, maji yakinishuka kolani,
nikaelewa kwamba kuna deni utalilipa
na deni utalibeba,
na kulibeba nako ni kazi yako, si ya malaika.

Leo benchi la tatu lilikuwa tupu.
Nimesoma kwa sauti ya kutetemeka;
hakuna aliyenusa mkate.
Usiku nimezihesabu mbao hadi kumi na saba,
na za baada ya hapo sizikumbuki.

Kesho naenda kwa Hedin na fyekeo.
Mgongo wake umeharibika, nyasi zimempita magoti.
Asiponifungulia mlango si kitu.
Nyasi ziko nje.