Nani Ananunua Deni?

Alhamisi, Handeni. Mnada umeshachemka
kabla umande haujakauka kwenye mabua.
Ng'ombe wa Waparakuyo upande wa josho,
mbuzi katikati, sufuria na mitumba barabarani,
na sisi wenye magari ya kukokotwa
tumepangwa nyuma, karibu na choo,
kama waliofika harusini bila kadi.

Nilikuwa na gari moja:
mbao za mkangazi, ekseli ya Datsun,
matairi mawili yasiyo ndugu,
na breki ambayo ni mguu wangu.
Nilikuwa na punda mmoja, jina lake Deni,
maana nilimkopa kwa Sekuyo wa Sindeni
na namaliza kumlipia, punda keshaota mvi puani.

Miaka kumi na mmoja, maji.
Madumu kumi na mawili kila safari,
kutoka bwawani hadi mlima wa shule.
Kisha bomba likafika.
Sisemi kwa ubaya: nami napanga foleni,
nami nafungua koki nikasikia raha mkononi.
Lakini koki haili pumba.
Deni anakula.

Dalali Chambueni akapanda juu ya kreti la soda,
fimbo kwapani, sauti ya bisi zinazopasuka:

   Gari hili, gari gani!
   Limepanda milimani,
   laki mbili mfukoni,
   nani mwingine, semeni!

Mtu akainua mkono kujipangusa jasho;
Chambueni akaudaka: "Mbili na nusu!"
Yule akaapa hana hata nauli.
Mhina wa Kabuku akainama uvunguni,
akagonga beringi kwa ufunguo,
akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.
"Tatu," akasema. "Gari tu. Maksai ninao."

Ikaja zamu ya punda.
Chambueni akakohoa: "Na sasa, waungwana,
nani ananunua Deni?"
Uwanja mzima ukaangua kicheko.
Kila mtu ana lake nyumbani.

Wakamfungua mdomo, wakahesabu meno,
wakagusa kovu la mkanda kifuani, wakaondoka.
Akabaki mmoja, mwenye mizani.
Huyo hakutazama meno wala miguu:
aliivuta ngozi ya shingo, akaipima kwa vidole
kama bibi harusi anayechagua kitenge,
akataja bei.
Bei nzuri. Nzuri kuliko ya gari.
Nikaizungusha kamba kiganjani mara mbili.
"Hauzwi."
Karani akanidai ushuru wa kumwingiza.

Waliosema shukrani ya punda ni mateke
hawakuyaona ya siku ile.

Saa tisa, njia panda.
Mhina keshafunga maksai wake,
gari likakata kushoto kwenda Kabuku,
tairi la kulia likilia vilevile,
nyii, nyii, kila mzunguko.
Deni akasimama. Masikio mbele.
Kisha akanivuta, mimi niliyemlisha,
niliyemtoa kupe kwa kucha zangu,
akalifuata gari tupu,
pua yake ikigusa mbao za nyuma,
mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja.

Kamba iliniponyoka, au niliiachia.
Nimejiuliza, sijapata jibu.

Mhina akasimamisha maksai.
"Bi Mwanjaa, na huyu nimlipie nini?"
"Asiuzwe kwa kilo," nikasema. "Basi."
Akavua kofia, akaitazama ndani,
kana kwamba bei imeandikwa humo,
akaivaa tena.

Nyumbani jirani akauliza: "Vipi, Deni umemuuza?"
"Gari nimeuza," nikamjibu.
"Deni limejiondokea lenyewe."
Tukacheka, mimi na yeye, tukashika mbavu.

Alfajiri nikaenda kwenye koki na ndoo mbili.
Moja ya kupikia.
Ya pili nikaibeba hadi bandani,
nikaitua polepole, maji yasimwagike,
ndipo nikakumbuka.