Mpaka kwa Fundi Kisanga

Mama yake ameingia saa mbili kutoka zamu ya usiku,
amevua viatu mlangoni, amesema, "Mtoe nje."
Si kwa hasira. Ni usingizi uliosema.

Kumtoa si neno dogo.
Kuna soksi, na soksi ya pili aliyoivaa mkononi,
kuna buti za njano, mtumba wa Memorial,
kubwa kwa namba mbili, nimezijaza gazeti kwenye ncha;
kuna chupa ya uji, na kanga begani mwangu,
maana namjua Ndeshi:
huenda kwa miguu yake, hurudi kwa yangu.

Vuli ilinyesha usiku kucha, ikakata alfajiri.
Njia yote ya Shanty Town ni zambarau,
mijakaranda imejimwaga chini bila kubakiza,
na kule juu ya migomba, wingu limeng'oka.
Nikasema, leo nakuonyesha Kibo.
Nilikuwa na hotuba tayari: theluji,
na shamba la bibi, na mfereji,
na jinsi maji ya bomba letu yanavyoshuka kutoka huko.

Akachuchumaa.
Hakuna mtu mzima anayejua kuchuchumaa hivyo,
makalio yakining'inia shubiri moja toka ardhini, bila haraka.
Sisimizi sita walikuwa na bawa la kumbikumbi,
wamelibeba wima, kama mafundi na bati la kuezekea siku ya upepo.
Tukawasindikiza mpaka ufa wa ukuta.
Bawa halikuingia. Wakaligeuza. Halikuingia.
Mlima ukasubiri.

Kisha akaokota ua, akatia kidole. Likamkaa.
"Kia," akasema.
Kiatu.
Kidole cha pili, kia. Cha tatu, kia.
Mkono wa kushoto ukataka wangu,
nikapiga goti barabarani nikimvisha,
bodaboda zikitukwepa kwa heshima.
Alipotaka kunivisha mimi, ua likapasuka.
Akanitazama kama muuza viatu
anavyomtazama mteja mwenye mguu mpana.

Dimbwi sikulipanga.
Aliruka yeye, buti ya kushoto haikuruka.
Mama Elinaja akaweka chini mkungu wake wa ndizi
apate nafasi ya kucheka vizuri:
"Baba Ndeshi, hiyo buti ina kiu!"
Nikaivuta, ikatoka na mlio usio na adabu,
na Ndeshi akasema, "Tena."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Fundi Kisanga, saa nne na nusu.
Nyumba yetu bado inaonekana ukigeuka.
Fundi akainua mkono kutusalimu,
na kwenye kidole cha kati, kastabini yake, imechakaa, inang'aa.
"Kia!"
Hajawahi kuita jina langu kwa furaha ile.
Akamnyooshea vidole vyake kumi, vya zambarau,
watu wa kazi moja wamekutana ugenini.
Mzee akaelewa kuliko mimi. Akavua ya chuma,
akapokea ua, akavaa,
akashona nalo pindo la gauni la mtu
mpaka sindano ikamchoma, akasema neno
ambalo naomba Mungu lisirudiwe nyumbani.

Uji ukaisha. Kichwa kikaanguka begani.
Nikafunga kanga kifuani, buti moja mkononi,
nyingine sijui, nitarudi.
Na nilipogeuka, huo hapo: Kibo chote,
kimeoga, karibu kiasi cha kuudhi,
na Mawenzi pembeni na meno yake.
Nikasimama nacho peke yangu,
pumzi yake ya uji ikinipasha shingo,
hotuba yote imenitoka.

Mama yake amefungua jicho moja.
"Mmefika wapi?"
"Kwa Kisanga."
"Saa tatu nzima?"
"Na tumepoteza buti."
Akavuta shuka, akatupisha.
"Na mlima?"
"Ulikuwepo."