Hisa Arobaini

Nilizinunua elfu nne,
Machi ile theluji ilipogoma kuondoka Skellefteå,
kroni kumi na mbili kila moja,
kwa pesa ya paa. Paa lingengoja.
Miaka thelathini na mmoja nimewapikia watoto wa shule,
vitu vidogo najua kuvihesabu.
Haba na haba, nikasema,
na kibaba nikawakabidhi watu wa Lund
wenye viatu visivyojua tope.

Kifaa chenyewe hakifiki kijiko cha chai.
Hukaa chini ya mtulinga wa kushoto,
husikiliza moyo, na moyo ukisahau
huukumbusha.
Nani asingenunua?

Robo ya kwanza: kibali cha Marekani kiko njiani.
Robo ya pili: kibali kiko njiani.
Robo ya tatu wakatuandikia kwamba njia ni ndefu,
wakatia na picha ya bibi anayecheka ufukweni.
Bei, kroni tatu.
Hjalmar wa ghorofa ya chini, fundi lifti mstaafu,
akaniambia uza, Ragnhild, hata lifti
haishuki bila kusimama mahali.

Kisha wakatoa hisa mpya, nusu bei,
ununue tena au umezwe.
Mimi supu ya njegere nimeipika kila Alhamisi,
najua mpishi anapoongeza maji.
Huyu aliongeza maji,
halafu akataka kuniuzia kijiko cha kutafutia njegere.

Kisha wakaziunganisha, mia kwa moja.
Niliamka nina arobaini.
"Bibi, bei imepanda!" Tuva akapiga kelele na simu yangu mkononi.
Nikamwambia: chukua mikate mia ya mdalasini,
isage yote, finyanga mmoja.
Akafikiri.
"Na makombo yamekwenda wapi?"

Basi hadi Bastuträsk, halafu treni ya usiku,
halafu treni nyingine, mpaka mkutano mkuu.
Wanahisa tuliofika tulikuwa kumi na tisa.
Kahawa ilikuwepo, mkate haukuwepo;
hapo nikajua mambo yameharibika kweli.

Akasimama mzee wa Gotland, mkulima wa viazisukari:
subira imevuta miaka sita, alisema,
heri haijasogea hata shubiri.
Akasimama Solbritt, muuguzi wa Borås,
akaanza kusema kuhusu akiba ya mazishi ya mama yake,
akaketi kabla ya kumaliza.
Mwenyekiti akatabasamu: "Mchango wenu una thamani kubwa."
Neno thamani likapita katikati ya viti,
sote tukalisindikiza kwa macho hadi mlangoni.

Marupurupu ya mkurugenzi yakapigiwa kura.
Mikono kumi na tisa ikakataa.
Mkono mmoja wa mfuko wa Malmö,
wenye hisa milioni tisini,
ukainuka polepole kama wa mtu anayeita teksi.
Yakapita.

Swali langu nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi.
Karatasi nikaiacha kitini.
Nikafungua kifungo cha juu, cha pili pia,
nikawaonyesha kovu.
Nimewabeba humu tangu mwaka juzi, nikasema.
Hjalmar ananiambia niuze. Niuze nini, nianzie wapi?
Daktari amepima betri: miaka mitano imebaki.
Ninyi mmebakiza mingapi?

Mwenyekiti akajimiminia maji.
Mtu wa fedha akatazama mtu wa sheria.
Swali, wakasema, litajibiwa kwa maandishi.

Hadi soko kufungwa bei ilikuwa imeshuka asilimia nne.
Usiku, treni ilipoipita Gävle,
nimelalia ubavu wa kulia kama nilivyofundishwa,
moyo ulisahau.
Kikaukumbusha.
Sikujua nimshukuru nani, nimlaani nani,
nikavuta blanketi.

Nyumbani, chini ya paa, ndoo imejaa pomoni.
Haba na haba.
Nikaimwaga, nikairudisha pale pale.